Gari la Mikate

Walipofunga tanuri kule Tororo
hawakumlipa Oketcho mishahara ya miezi mitano,
wakampa gari. Hili hili la mikate,
lenye shuke la ngano lililochorwa ubavuni
na mlango wa nyuma usiofungika bila kupigwa teke.
Tuling'oa rafu. Tukatandika godoro,
tukafunga jiko la gesi kwa waya,
mapazia nikayashona kwa kitenge changu cha zamani,
tukaliita karavani,
ingawa hata leo, jua likichoma bati,
tunanuka hamira, mimi na yeye.

Mbale tuliipita kabla ya saa mbili.
Muyembe tukanunua nyanya na maji ya betri.
Kisha mlima ukaanza, kona juu ya kona,
na Oketcho akaanza kunitajia maduka:
hapa ishirini,
hapa kumi na tano, mwenyewe mkorofi,
pale mitano, tena kwa mkopo.
Miaka kumi na moja ameipanda barabara hii
akiyasikia maporomoko ya Sipi nyuma ya migomba
na hajawahi kukata kona kuyatazama.
Mkate, anasema, haungoji.
Mkate wa jana ni chakula cha kuku.

Tulikata kona.

Njia ya udongo, nyembamba,
mikahawa ikiikwaruza ile ngano yetu.
Sikuona maji kwanza. Niliona majani
yakitikisika pasipo upepo.
Kisha kioo cha mbele kikalowa,
Oketcho akawasha waipa
mbingu ikiwa buluu tupu.
Akazima injini. Mikono ikabaki kwenye usukani.

Mwenye shamba alikuja na panga na kitabu cha risiti.
Chesang, akasema. Kulala elfu kumi na tano,
kuni mbali, kuoga bure.
Akalizunguka gari, akaikuta ngano,
akaigusa kwa kidole.
"Wewe ndiye uliyekuwa ukipiga honi tatu?"
Oketcho akakiri kama mwizi.
"Basi nina deni lako. Mikate sita.
Mwaka ule mvua ilipobeba daraja, hukurudi."
Akakifunga kitabu cha risiti.
Sikujua mkate unaweza kukaa muda wote huo
usiote ukungu.

Bwawa liko chini ya jabali lililoinama.
Baridi yake inakurudisha kwenye lugha ya mama:
mimi nilipiga kelele kwa Kisamia,
yeye kwa Kipadhola.
Hajui kuogelea. Alisimama maji yakimfika kifuani,
shati mwilini, mikono juu
kana kwamba amebeba trei,
povu likamjia, likamzunguka, likampita.
"Haya hayachelewi popote," akasema,
meno yakigongana.

Chesang alituletea malewa, tukayapika kwa karanga.
Nililala kwa vipande. Kila niliposhtuka
nilidhani mvua, nikazikumbuka nguo nje,
nikakumbuka si mvua.
Oketcho aliamka saa tisa, saa ya tanuri,
akaketi mlangoni, miguu nje,
hana cha kupakia.
Nilimsogezea blanketi, sikusema kitu.

Asubuhi tulitaka kufika Sisiyi kabla ya jua kali,
tumeambiwa huko kuna bwawa la kina kifupi.
Tulipogusa lami tu akapiga honi tatu,
mkono wenyewe, mazoea,
na kabla sijacheka walikuwa wameshatoka:
msichana na noti iliyokunjwa mara nne,
kijana mwenye dawa ya meno kidevuni,
bibi mmoja na mfuko wa nailoni ulio wazi tayari.
Oketcho akashuka. Akaupiga teke mlango wa nyuma.
Wakachungulia godoro, sufuria,
chupi zangu zikikauka kwenye waya.
"Mkate uko wapi?"
"Umekwisha," akasema,
na bibi, akiukunja mfuko wake:
"Haya. Kesho, basi."